Bi Chungwa, Aliyebonyeza Amesimama

Alhamisi, tarehe 27 Novemba. Asubuhi ilikuwa na mawingu mazito, na upepo wa baridi ulitikisa madirisha ya chumba cha uhasibu, lakini mvua haikunyesha.

Wanaonijua wanajua kwamba siandiki kitu bila tarehe na hali ya hewa, hata kama ni ujumbe wa kuomba karatasi za printa, kwa hiyo mtanivumilia. Kesho, Ijumaa tarehe 28, mwenzetu ambaye jengo zima linamwita Bi Chungwa anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kusambaza dawa na vifaa vya hospitali kwa miaka ishirini na tisa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu imekuwa ubavuni mwa meza yake, na kuanzia Jumatatu nitahamia kwenye kiti chake.

Nilipomweleza jambo hilo alivua miwani, akaifuta, akanipa sharti moja.

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Andika ya Jumamosi ile. Usipoiandika, kesho mtakula keki yenu bila mimi."

Meneja ameisoma sehemu hiyo na kuiridhia. Itakuja mahali pake.

Bi Chungwa aliajiriwa kama mpiga chapa wa ghala. Enzi hizo kila dawa ilikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu, naye ndiye aliyezipiga chapa zote kwa taipureta iliyokuwa na ugonjwa wa kukwama ikifika herufi ya R. Kompyuta zilipoingia, wenzake wengi waliomba kuhamishiwa idara nyingine. Yeye alibaki, na sababu anayoitoa ni kwamba aliogopa kwenda kumwambia bosi kuwa anataka kuhama.

Baadaye kampuni ikanunua mfumo wa uhasibu na uendeshaji, huu tunaouita "mfumo" tu, ambamo ankara, ghala, manunuzi na mishahara vinakaa nyumba moja. Ukigusa hapa, kule kunatikisika. Ulikuwa mfumo mzuri. Tatizo lake ni kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya watu wote, maana yake haukutengenezwa kwa ajili yetu. Ulijua bei ya kila kitu lakini haukuwa na mahali pa kuandika siku dawa inapoharibika. Machoni pake, chupa ya dripu na ndoo ya rangi ya nyumba vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Watengenezaji walikuwa wameacha sehemu moja ya ndani wazi, ili kila kampuni ijirekebishie yenyewe: kuongeza nafasi ya kuandikia, kubadili sura ya fomu, kuweka onyo, kukizuia kitufe kisifanye kazi mpaka mtu fulani aridhie. Sehemu hiyo tunaiita karakana. Bi Chungwa alipelekwa kozi ya kujifunza kuitumia kwa kuwa waliostahili kwenda walikuwa likizo. Huko mwalimu aliwaonyesha jinsi tiki moja iliyowekwa pasipotakiwa inavyoweza kuharibu ankara za kampuni nzima kabla mtu hajameza mate. Wanafunzi wenzake walicheka. Yeye alirudi na daftari lililojaa, na woga ambao haujamtoka hadi leo.

Nauita woga kwa sababu yeye mwenyewe anauita hivyo. Bi Chungwa hapandi lifti. Hubeba mwavuli hata jua likiwa kali. Mumewe, fundi cherehani ambaye wengi wetu tumevaa nguo zake, anasema mkewe hata chai anaikoroga kwa tahadhari. Lakini tukifungua karakana leo na kupitia alichokijenga humo, kila kitu kilianza na jambo lililomtisha. Aliwahi kuona mgonjwa akipewa dawa iliyokwisha muda. Nafasi ya kwanza aliyoongeza kwenye mfumo ikawa tarehe ya kuharibika. Karani mmoja aliwahi kuongeza sifuri kwenye oda ya glavu na ghala likajaa hadi mlangoni. Ndipo mfumo ukaanza kuuliza maswali.

Maswali yenyewe aliyaandika kama anavyoongea. Ukitoa dawa iliyokaribia mwisho wake, skrini inakuambia: "Hii inakufa mwezi ujao. Anayeipokea anajua?" Ukiandika kiasi cha ajabu: "Soma tena. Mimi sina haraka." Meneja aliyepita alijaribu siku moja kujiidhinishia mwenyewe posho yake ya safari, akatokewa na maneno mawili tu: "Hata wewe." Alitoka ofisini akicheka hadi kwenye korido, na tangu siku hiyo watu wakawa wanasema, "Nimegombezwa na Bi Chungwa," hata kama mwenyewe yuko kwao amelala.

Jina hilo la Chungwa nalo lina asili yake. Tunayo mifumo miwili: mfumo wenyewe, ambao ukibonyeza kitu kimetokea kweli, na nakala yake ya mazoezi, ambamo unaweza kuvuruga utakavyo na dunia ikaendelea. Kwa macho ilikuwa kama mapacha. Hilo lilimnyima usingizi. Akaingia karakana na kuipaka nakala ya mazoezi rangi ya machungwa, kali kiasi kwamba ukikaa mbele yake uso wako nao unageuka rangi. Mfumo wenyewe ukabaki bluu.

Kisha akaweka desturi. Kila alipokuwa anapeleka mabadiliko kwenye mfumo wenyewe alinawa mikono, akarudi, akasoma kwa sauti kile alichotaka kufanya, akasimama wima nyuma ya kiti chake na kubonyeza akiwa amesimama. Mtu akimwona tu alisema, "Bi Chungwa kasimama!" na chumba kizima cha uhasibu kiliondoa mikono mezani. Kwenye nakala ya mazoezi, hapana. Huko alikaa, akaegemea, hata akamenya karanga. Makarani wapya aliwafundisha kwa sentensi moja: "Kwenye chungwa tunakaa, kwenye bluu tunasimama."

Sasa Jumamosi ile.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Watengenezaji walikuwa wametoa toleo jipya la mfumo, na kampuni ikaamua tulipokee kabla Bi Chungwa hajaondoka, maana hakuna aliyetaka kulipokea akiwa hayupo. Kwa wiki kadhaa alilijaribu kwenye nakala ya machungwa. Lilipokubali, alikusanya kila alichokuwa amekijenga humo, nafasi zote, fomu zote, maonyo yote, akakifunga kama mzigo mmoja na kukihamishia kwenye mfumo wenyewe. Alifanya hivyo Ijumaa jioni, amenawa mikono, amesimama. Hakuna kilichovunjika. Mtaalamu wa watengenezaji alimpongeza kwa kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

Kesho yake asubuhi, siku ambayo wahasibu hawapo kazini, aliwaita watunza ghala kwenye chumba cha mafunzo ili awaonyeshe toleo jipya. Kulikuwa na manyunyu. Mimi nilikuwa namsaidia kuwasha kompyuta. Aliwaambia, "Fungueni ile ya chungwa," nao wakafungua, nyuso zao zikawaka rangi ile tunayoijua, akavuta kiti akakaa.

Darasa lilikuwa changamfu. Aliwaambia watengeneze oda wanavyotaka, kwa hospitali yoyote wanayoitaka, kwa sababu ndani ya nakala majina ya wateja ni yale yale. Mtunza ghala mmoja tunayemwita Spidi, ambaye hawezi kuona kitufe asikibonyeze, aliiagizia zahanati moja ndogo viti vya magurudumu elfu moja. Skrini ikamwambia asome tena. Spidi akaijibu kwa sauti, "Nimesoma, mama, wagonjwa wangu wote hawataki kutembea," na darasa likacheka, Bi Chungwa naye akicheka.

Zoezi la mwisho lilikuwa gumu zaidi: namna ya kuiachilia dawa iliyozuiwa. Dawa zinazotengenezwa kwa mkupuo mmoja tunaziita bachi moja, na bachi ikitiliwa shaka inafungwa kwenye mfumo na kuwekwa kwenye kizimba cha ghala kwa utepe mwekundu. Wakati huo tulikuwa na moja tu iliyofungwa, dripu, kwa sababu katoni zake zilifika zimelowa na vizibo vya baadhi ya chupa vilikuwa vimelegea. Sampuli zilikuwa zimepelekwa maabara na majibu yalisubiriwa. Bachi iliyofungwa haitoki bila kibali cha Bi Chungwa. Kwa kuwa ni zoezi, akavuta kibodi, akaweka kibali chake, na mwanafunzi mmoja akaiagizia hospitali ya wazazi iliyo ng'ambo ya reli katoni kadhaa za dripu hiyo.

Alibonyeza amekaa.

Tulikuwa tunakunywa chai pale mlango uliposukumwa na nyapara wa wapakiaji akaingia, kofia mkononi, amekasirika.

"Nani kati yenu ameagiza viti vya magurudumu elfu moja? Hata hamsini hatuna! Kama ni utani, utani gani huu wa kututoa jasho?"

Watunza ghala wakaangua kicheko. Spidi akainua kikombe kama anayesalimia umati. Mimi nilimtazama Bi Chungwa nikitarajia atatabasamu, nikaona anaitazama ile karatasi mkononi mwa nyapara. Nakala ya mazoezi haina printa ghalani. Karatasi ile haikutakiwa kuwepo.

Alisimama polepole. Kicheko kikafa chenyewe.

"Na dripu?" aliuliza.

"Dripu zipi, mama?"

"Za kizimbani."

"Zimeshaondoka na Mzee Taratibu. Ilitoka karatasi ya kuziachilia, tukakata utepe, tukapakia."

"Mlikata utepe mwekundu bila kuuliza?"

Nyapara alionekana kushangaa kweli. "Karatasi ilikuwa na jina lako, mama. Jina lako likiwepo sisi hatuulizi."

Nieleze kilichotokea, ili asibaki mtu anadhani ni uchawi. Katika ule mzigo wa marekebisho uliohamishwa Ijumaa, rangi nayo ilikuwemo. Rangi ni rekebisho kama marekebisho mengine, ila tulikuwa tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba kuna mtu aliiweka. Ikabebwa pamoja na vingine na kuupaka mfumo wenyewe machungwa. Asubuhi ile watunza ghala walifungua ule wanaoufungua kila siku, wakaiona rangi, wakaridhika. Wahasibu wangekuwepo wangepiga kelele saa ile ile. Hawakuwepo. Darasa zima lilikuwa limecheza asubuhi nzima ndani ya mfumo wenyewe.

Spidi aliruka kwenye kompyuta na kuanza kufuta oda. Bi Chungwa alimwambia aendelee, lakini wote tulijua kwamba hakuna kitufe cha kurudisha katoni zilizo barabarani. Nilimpigia simu Mzee Taratibu, dereva aliyeondoka nazo. Ilikuwa imezimwa. Miaka michache nyuma dereva wetu mmoja aliacha njia akiwa anaongea na simu, na Bi Chungwa, kwa hofu yake, akaweka kwenye hati ya safari nafasi ambayo dereva lazima aitie sahihi: simu imezimwa hadi mzigo ukabidhiwe. Madereva walinung'unika. Mzee Taratibu hakunung'unika, yeye huzima.

Nikapigia famasi ya hospitali. Iliita. Iliita tena mpaka ikakata yenyewe. Sijui kama kuna sauti mbaya kuliko simu inayoita mahali ambapo unajua kuna watu.

"Twende," nilisema. "Twende sasa hivi."

"Hatuendi mikono mitupu," Bi Chungwa alijibu. "Kama wanaisubiri dripu, kuna anayeihitaji. Nyapara, pakia katoni za bachi nzuri kwenye pikapu. Zilizo juu kabisa. Mimi nitazisoma namba."

Nilimwona kama anatuchelewesha. Alisimama mvua ikimnyeshea, mwavuli ukiwa umesahaulika ndani, akisoma namba ya kila katoni kwa sauti huku nyapara akiinua. Kisha tukabanana watatu kiti cha mbele.

Kwenye makutano ya reli kizuizi kilikuwa kimeshuka. Treni ya mizigo ilipita mbele yetu kama vile inahesabiwa behewa kwa behewa. Nyapara alipiga usukani kwa kiganja. Bi Chungwa alikuwa ameikunjia mapajani ile karatasi yenye jina lake, na kitu pekee alichosema njia nzima alikisema hapo, bila kumtazama mtu.

"Nilikuwa nimekaa."

Tulilikuta gari letu nyuma ya hospitali, limeshushwa. Mzee Taratibu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari anakula ndizi.

"Vipi, mbona mmenifuata?" alituuliza. "Mzigo umefika salama."

"Umemkabidhi nani?"

"Yule dada wa famasi. Kafurahi mno, walikuwa wameishiwa kabisa. Katoni moja kaibeba mwenyewe mbio kuipeleka wodini."

Ndiyo maana simu haikupokelewa. Bi Chungwa, mtu asiyepanda ngazi bila kushika ukuta, alikimbia. Nyapara alibaki na mzee kuzikusanya katoni za famasi. Mimi nilimfuata yeye kwa kufuata maji yaliyokuwa yanadondoka kutoka kwenye sketi yake koridoni.

Wodi ilikuwa imejaa. Watoto wachanga wawili walikuwa wanalia kwa kupokezana. Kwenye kitanda cha karibu na dirisha, chupa ilikuwa imeshatundikwa kwenye chuma, mpira umeshajaa maji, na nesi alikuwa ameinama juu ya mkono wa mama mmoja aliyetoka kujifungua akimpigapiga kutafuta mshipa.

"Dada, acha!" Bi Chungwa alipaza sauti kutoka mlangoni. "Usimchome!"

Nesi aligeuka, sindano mkononi. "Hapa ni wodini, siyo sokoni! Wewe ni nani unaniingilia na matope?"

"Mimi ndiye niliyeiruhusu hiyo chupa. Haikutakiwa kutoka. Nakuomba niirudishe."

Kuna watu ambao wangeanza na habari za toleo jipya, rangi na karakana. Yeye alisema hivyo tu. Nesi alimtazama, akaitazama chupa, kisha akaichomoa sindano kwenye mpira na kuuziba. Yule mama kitandani, ambaye midomo yake ilikuwa mikavu kama karatasi, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa dawa yangu mnaipeleka wapi?"

"Yako ninayo, mwanangu," Bi Chungwa alimwambia. "Hii siyo yako."

Tulizileta zile nzuri. Kisha yeye na dada wa famasi walipiga magoti sakafuni na kuitoa kila chupa kwenye kila katoni, wakilinganisha na karatasi. Chupa moja haikuonekana. Nesi alisema hajagusa nyingine. Dada wa famasi alianza kulia. Walitafuta kwenye makabati, kwenye toroli, kwenye ndoo ya takataka, na dakika zile sizitamani tena. Ilikuwa chini ya mto wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Dada yake alikuwa ameificha kwa sababu aliogopa zitaisha kabla zamu ya mgonjwa wake haijafika.

Tulizirudisha katoni zote za kizimbani. Ofisini tulilikuta darasa zima bado limeketi, hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Spidi alikuwa amejikunja pembeni akisubiri adhabu, mpaka mtu akasema kile ambacho wote tulikuwa tumeanza kukifikiri: kama si viti vyake vya magurudumu, nyapara asingepanda ngazi zile. Jumatatu meneja alimkaripia na kumshukuru katika pumzi moja, na Spidi hadi leo hajui kama aliadhibiwa au alisifiwa.

Majibu ya maabara yalikuja wiki iliyofuata. Chupa hazikuwa salama. Bi Chungwa aliyasoma, akayaweka mezani kifudifudi, akaikalia mikono yake kama mtu anayesikia baridi. Baadaye alipiga simu hospitali kumuulizia yule mama wa dirishani. Alikuwa ameruhusiwa, yeye na mwanawe, wote wazima. Akaniambia nimuulizie tena kesho yake, kama vile jibu linaweza kubadilika.

Wengi tulitarajia kwamba ataingia karakana na kuongeza maonyo. Aliingia, lakini alianza kwa kuondoa. Maonyo mengi aliyoyaandika kwa miaka mingi, yale tuliyoyazoea na kuyacheka, aliyafuta moja baada ya jingine. Nilimuuliza kwa nini.

"Nimewazoesha kuniogopa mimi," alisema, "badala ya kuogopa kosa. Mimi nikinyamaza, mnadhani kila kitu ni salama. Na jina langu likiandikwa, mnakata utepe."

Jina lake sasa halitoki tena kwenye karatasi ya kuachilia bachi. Mahali pake pameandikwa: "Nani ameziangalia chupa kwa macho yake?" na mtu wa ghalani asipotia sahihi mzigo hautoki, hata ofisini waidhinishe namna gani. Nyapara alitia sahihi ya kwanza baada ya kuzikodolea macho chupa mpaka wapakiaji wakaanza kumtania kwamba anatafuta mchumba humo ndani. Kwenye nakala ya mazoezi alibadilisha majina ya wateja wote. Ukiifungua leo utakuta Hospitali ya Spidi, Zahanati ya Mzee Taratibu, Kliniki ya Meneja na Wanawe. Ukiona jina la hospitali ya kweli, ondoa mikono, hata skrini iwe na rangi gani. Nayo rangi ya machungwa imefungwa mahali pake, haibebeki.

Kwa kazi hizi na nyingine nyingi ambazo hazina nafasi hapa, kampuni inamshukuru. Wahasibu wanamshukuru kwa kufunga mahesabu ya mwezi bila vurugu. Madereva wanamshukuru, hata walionung'unika. Hospitali ya wazazi imemwandikia, na barua hiyo imetundikwa ukutani ghalani, palipokuwa na kalenda ya zamani. Makarani wote aliowafundisha wanamshukuru kwa uvumilivu, na mimi wa mwisho wao namshukuru kwa mwezi huu mmoja ambao ameketi kando yangu, mkoba mapajani, akiniachia nipeleke mabadiliko mimi. Hajawahi kuniambia nisiogope. Mara ya kwanza mikono yangu ilipotetemeka aliitazama, akasema, "Afadhali," basi.

Ombi moja kwa watakaohudhuria kesho. Jina lake litakapoitwa, tafadhali tusimame wote, na wale wa uhasibu muondoe mikono mezani. Hakuna haja ya kutangaza sababu. Ataelewa.

Bi Chungwa, unakwenda nyumbani kwa mumeo na cherehani yake, kwa wajukuu wanaokungoja uwafundishe kuogopa vizuri. Huko hakuna bluu. Umesimama kwa niaba yetu vya kutosha. Tunakutakia maisha mema, marefu, na ya kukaa.

Mstari huu nimeuongeza Ijumaa asubuhi kabla ya kupeleka karatasi kwa mpiga chapa. Anga ni jeupe na upepo umetulia. Jana usiku nilipata usingizi saa saba na dakika ishirini, baada ya kukumbuka kwa hakika kwamba mchana, nilipobonyeza, nilikuwa nimesimama.